Mashine Iliyobeba Sauti za Kondoa

Siku ya kuniaga mlinipa keki yenye umbo la seva, na taa zake za kijani mkazichora kwa sukari. Hakuna aliyetaka kuikata. Tuliizunguka na sahani mkononi, kila mmoja akimtazama mwenzake, mpaka Gasto akasema, "Mama Seva, ikate wewe. Hiyo ndiyo mashine pekee utakayoifungua bila kuzima umeme." Nikaikata. Kisha mkaniomba niwaandikie "uzoefu wangu", kana kwamba uzoefu ni kitu mtu anachohamisha kwa flashi.

Nimestaafu kwa hiari, maana yake magoti yaliamua na mimi nikasaini. Watu hudhani kazi ya seva ni ya akili. Nusu yake ni kupiga magoti nyuma ya kabati la chuma huku umeuma tochi kwa meno, unatafuta skrubu ambayo imeanguka mahali ambapo hata sheria za fizikia hazikuiruhusu kufika. Habari za vyeo nitaziruka, maana navyo viliniruka mara nyingi. Nitaandika juu ya mashine zilizougua, na hasa moja, ile iliyobeba sauti alizokusanya Bi Hidaya kule Kondoa. Ndiyo niliyoiogopa kuliko zote.

Jambo moja kabla sijaanza. Mashine zetu huongea Kiingereza, tena cha mkato, kama askari aliyekatizwa chakula. Kila ujumbe nitakaounukuu nimeutafsiri. Mkiona tafsiri ina upole kuliko ile mliyoizoea kwenye skrini, jueni ni mimi nimezeeka.

Nilikuja Dodoma nikiwa na shahada, viatu vya kisigino na imani kwamba mitambo humheshimu mtu aliyefaulu. Chumba cha seva cha idara yetu kilikuwa stoo ya zamani ya mafagio. Kiyoyozi chake kilidondosha maji kwenye ndoo, na kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu katika Jamhuri hii ilikuwa kumwaga ile ndoo. Niliporudi nayo tupu nilimkuta Mzee Lameck, fundi mkuu, amekaa juu ya boksi la printa akinywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia mpya?"

"Ndiyo mzee."

"Haya, injinia. Ile skrini inasema nini?"

Nikaitupia jicho. "Kuna tatizo la memori."

"Sikukuuliza tatizo. Nimekuuliza inasema nini. Soma."

"Nimeshasoma."

"Kwa mdomo, binti. Nami nisikie."

Nikasoma kwa sauti, uso umenichoma kwa aibu, mtu mwenye shahada nasomeshwa kama darasa la kwanza: "Hitilafu ya memori imerekebishwa. Kijiti cha B mbili. Idadi imevuka kiwango."

"Imerekebishwa, au imeshindikana?"

Nikatazama tena. "Imerekebishwa."

"Basi bado inajitahidi, na imekutajia kijiti. Wewe ungebadilisha vyote. Mgonjwa kasema jino, wewe umeshaandaa sindano ya makalio."

Tulizima mashine, tukachomoa kijiti kimoja cha memori, na Mzee akatoa mfukoni ufutio wa shule, ule wa rangi ya waridi, akayasugua meno ya dhahabu ya kile kijiti taratibu kama mtu anayemfuta mtoto pua. Ufutio ukatoka mwekundu. Vumbi la Dodoma linaingia popote penye feni, na seva si kitu kingine ila feni nyingi zilizofungwa pamoja na wasiwasi. Kijiti kikarudi mahali pake, mashine ikawaka, ule ujumbe haukuonekana tena. Hakuna somo la chuo kikuu lililokuwa limetaja ufutio.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mila ya chumba kile, tuliyoiita kusomeana. Mmoja anasimama kwenye skrini na kusoma ujumbe neno kwa neno. Mwingine anakaa kwenye mashine, mikono magotini, na kulirudia kila neno. Hakuna anayegusa hata skrubu kabla hayo hayajaisha. Mgeni mmoja kutoka idara ya fedha alifungua mlango akatukuta tunaitikiana hivyo, akavua kofia na kuinamisha kichwa mpaka tulipomaliza. Hatukumwambia kitu. Tulihitaji heshima popote ilipopatikana.

Kanuni ya pili ya Mzee ilikuwa kuanza na lalamiko la kwanza. Mashine ikianza kuumwa husema kidogo, mara moja, kwa upole. Ukinyamaza nayo inanyamaza. Baadaye inapiga kelele kubwa juu ya kitu kingine kabisa. Mume wangu yuko hivyo hivyo, na kwa miaka mingi kanuni hii imenisaidia nyumbani zaidi ya kazini.

Kazi iliyonifundisha kutazama nje ya mashine ilikuwa ya Makutupora, kwenye ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu walinipa zabibu. Ilikuwa msimu wa mavuno. Seva yao ilikuwa ikijizima kila alasiri, na asubuhi inawaka bila neno. Ujumbe ulisema joto la hewa inayoingia limezidi kiwango. Kiyoyozi kilikuwa kizima, chumba kilikuwa baridi kiasi kwamba nilijifunga kanga mabegani, nami nikaanza kuihukumu mashine kwamba inaongopa. Nilisubiri. Kabla ya saa sita mlango ukafunguliwa na mwanamke mmoja mnene mchangamfu, mtunza stoo wao, akaingia kwa mgongo akiburuta kreti la zabibu. Akalipanga mbele ya seva, pale pale inapovutia hewa. Kisha akaleta lingine, na lingine juu yake.

"Mama," nikamwambia, "unaiziba pua."

"Naiziba nani?"

"Hii mashine. Inavuta hewa kwa mbele."

Akaitazama, akanitazama. "Sasa mama, chumba chote cha baridi mmekipa chuma. Na zabibu je?"

"Chuma hiki ndicho kinachotunza hesabu za zabibu zenu."

"Na zabibu hizi ndizo zinazolipia umeme wa hicho chuma."

Tulikubaliana kwa utepe wa gundi: nilibandika mstari sakafuni, hewa upande huu, zabibu upande ule. Nilitoa pia sisimizi wengi kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, wote wamekufa kifo kitamu. Mashine haikuwa imeongopa. Ilisema hewa inayoingia ni ya moto, na kweli ilikuwa ikivuta pumzi yake yenyewe iliyorudi. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza kiyoyozi badala yake.

Mzee Lameck alistaafu akarudi kwao Mpwapwa kufuga mbuzi. Aliniachia bisibisi yake yenye sumaku na ile brashi ya rangi ya kupangusia vumbi, na siku aliyoondoka aliagana na mashine moja moja, akizigonga ubavuni kama mtu anayeaga ng'ombe. Mimi nikabaki mkubwa wa chumba. Gasto akaletwa kunisaidia, kijana mwepesi, mcheshi, mwenye blowa yake mwenyewe ya kupulizia vumbi aliyoipenda kuliko simu yake.

Sasa nimfikie Bi Hidaya.

Bi Hidaya ni Mrangi wa Kondoa, mtafiti wa lugha katika taasisi moja hapa mjini ambayo mashine zake tulizihudumia. Ujana wake wote aliumaliza akipanda na kushuka vilima vya kwao na kinasa sauti, akiwarekodi bibi na babu wakieleza walivyolima, walivyooana, walivyozika. Kanda zake zilihamishiwa kwenye seva, na kanda zenyewe zikawekwa stoo. Mchwa hawali kanda. Hula boksi, hula lebo, kisha huacha udongo ndani ya kila gurudumu. Kwa hiyo vilima vile vyote vilibaki ndani ya mashine moja. Nakala ya pili ilikuwa kwenye mpango wa robo mwaka inayofuata, na ninyi mnajua robo mwaka inayofuata ni nchi ya mbali kiasi gani.

Mashine ile ikafa siku moja asubuhi. Skrini ilikuwa imejaa maandishi: diski ya sita imeshindwa, diski ya saba imeshindwa, hifadhi imepotea. Kwa wageni wa kazi hii, seva kama ile hugawa mzigo kwa diski nyingi, na ikifa moja, zilizobaki hukumbuka kilichokuwa ndani yake. Zikifa mbili kwa pamoja, hakuna anayekumbuka.

"Mbili kwa mpigo," Gasto akasema. "Hii ni ya kuzika, mama."

Kesho yake nilimkuta Bi Hidaya kwenye benchi la ukumbini, ushungi umefungwa vizuri, mkoba mapajani, kama mtu aliyeleta mgonjwa. Nilidhani amekuja kugomba. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo yenye maneno marefu.

"Mama Seva, mgonjwa wangu ameamkaje?"

"Bado hajafumbua macho, Bi Hidaya."

"Basi na wa nyumbani hivyo hivyo."

Ndipo nikajua. Mama yake mzazi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa unarudi kidogo kidogo, lakini maneno yalikuwa yameondoka yote, Kirangi na Kiswahili. Alielewa kila kitu, ila akifungua kinywa hakitoki kitu. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea hospitalini alimwambia Bi Hidaya amsikilizishe mama sauti yake mwenyewe. Na sauti ya mama ilikuwepo, masaa na masaa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurekodiwa, zamani, binti alipokuwa anajifunza kushika kinasa sauti. Bi Hidaya alikuwa anaazima simulizi moja kutoka kwenye seva, anaiweka kwenye simu, wakiimaliza anaifuta ili apate nafasi ya nyingine. Simu yenyewe ilikuwa imejaa picha za wajukuu.

"Alikuwa ameshafika kwenye kusogeza midomo," akaniambia. "Anajifuatisha mwenyewe. Tangu mashine ife, amerudi kutazama ukuta."

Wao wanakaa Makole, mtaa wa nyuma ya kwangu. Jioni ile nilipita kusalimia. Bibi, yule mama mgonjwa, alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki upande wa kivuli, mwanamke mwembamba mwenye macho makali yasiyoendana kabisa na ule unyamavu. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo. Akanipa mkono wa kushoto, akanikazia macho, na nikaona kabisa "marahaba" imefika mpaka mlangoni ikashindwa kutoka. Bi Hidaya akamwekea simulizi pekee iliyosalia kwenye simu, ya kuamia ndege kwenye shamba la uwele. Bibi akaisukuma simu kwa kidole.

"Ameshaichoka," Bi Hidaya akasema. "Kusema kweli hata mimi hao ndege nimewachoka."

Kesho yake alfajiri nilishika njia ya ofisini.

Kazini nilimkuta Gasto na habari. "Mkuu wa idara anasema tufute, tuweke diski mpya, wiki ijayo mashine ipokee mfumo mwingine. Anasema zilizokufa zimekufa."

"Mwambie tunafanya uchunguzi."

"Uchunguzi wa nini?"

"Mwambie hivyo hivyo. Hilo neno huwa linatupa siku mbili."

Kisha nikampigia simu Mzee Lameck.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, injinia. Ngoja kwanza. Shuka! Shuka huko we mpumbavu! Siyo wewe, ni beberu. Haya, sema."

"Mzee, nina mashine ambayo diski mbili zimekufa kwa pamoja."

"Nani kasema zimekufa?"

"Mashine imesema."

"Soma."

Nikamsomea zile kelele za mwisho. Mbuzi wakalia upande wa pili.

"Hapo umesoma kilio. Msiba ulianza lini? Rudi juu."

Gasto akarudisha maandishi nyuma, kurasa kwa kurasa, mimi nasoma kwenye simu. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akinyamaza kinyumenyume. Mwishoni, juu kabisa, wiki kadhaa kabla ya kifo, tukaukuta mstari mmoja mfupi: volteji kwenye ubao wa diski iko chini ya kiwango. Chini yake: volteji imerudi kawaida. Kisha siku nyingi za amani, kisha mstari ule ule tena.

"Pawa saplai hiyo," Mzee akasema kwa furaha. "Inachoka. Diski zako hazijafa, zimekosa chakula. Badilisha, unipigie." Akakata, akarudi kwa beberu wake.

Tukabadilisha pawa saplai. Tukawasha. Volteji kwenye ubao wa diski iko chini ya kiwango. Tukaweka nyingine, tuliyokuwa na hakika nayo. Mashine ikatoa jibu lile lile. Mara ya kwanza nilifurahi kidogo kuona hata Mzee hukosea. Furaha ile haikudumu, maana sasa sikuwa na wa kumpigia.

Bi Hidaya alikuwa mlangoni. Alikuwa amevua viatu kama inavyotakiwa, akasimama na soksi zake juu ya ile sakafu baridi.

"Tusomeane upya," nikamwambia Gasto. "Kaa chini."

"Mama, tumeshausoma huo mstari mpaka nauota."

"Kaa chini, Gasto."

Akakaa, mikono magotini.

"Volteji," nikasoma.

"Volteji."

"Kwenye ubao wa diski."

"Kwenye ubao wa diski." Kisha akasema polepole, si kwangu, kwa mashine: "Haijasema inayotoka kwenye pawa saplai."

"Endelea."

"Imesema inayofika kwenye ubao. Inaweza kutoka nzima na kufika pungufu."

"Na kati ya kutoka na kufika kuna nini?"

Nilimwona akibadilika rangi kabla hajajibu. Kati yake kuna kebo moja nene, na plagi yake inazama ndani kabisa nyuma ya ubao ambamo diski huchomekwa, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii ila umejikunja. Na msimu wa upepo, kama kila mwaka, mashine ile ilikuwa imeogeshwa. Ninyi wote mnaijua ile kazi: tunaibeba seva mpaka barazani, tunaifungua, tunaipuliza mpaka inatoa wingu jekundu na majirani wanafunga madirisha. Sidhani kuna mji mwingine ambao watu huogesha mashine kwa bidii kama sisi. Mwaka ule aliyeiogesha alikuwa Gasto na blowa yake, na alitaka ing'ae.

"Niliichomoa ile kebo," akasema. "Ilikuwa inaizuia pua ya blowa. Niliirudisha, mama. Wallahi niliirudisha."

"Ilitoa mlio wa kubana?"

Akaingiza mkono, uso umebanwa kwenye chuma, akapapasa. Plagi ilitoka yenyewe, bila kuvutwa. Ilikuwa imekaa nusu, kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kiti kwa adabu. Meno yake mawili yalikuwa yameungua, rangi ya kahawia, kwa kupitisha umeme mwingi mahali pembamba. Diski mbili za mwisho wa ubao ndizo zilizokuwa zikipata makombo, na siku moja makombo hayakutosha.

Gasto ameniruhusu kuandika haya. Alisema, "Andika tu, mama, ila sema nilikuwa mwembamba wakati ule." Alikuwa mwembamba.

Tulipata kebo nzima kwenye mashine ya aina ile ile iliyokuwa stoo ikisubiri kuuzwa chuma chakavu. Tukaisafisha soketi, tukaichomeka, na tuliusikia mlio wake sote watatu. Tukawasha. Volteji ikakaa sawa. Diski zikaanza kuzunguka, moja baada ya nyingine, na zile mbili pia. Kisha skrini ikasimama na kuuliza swali.

Nikasoma: "Diski mbili zina mpangilio wa kigeni. Bonyeza F kuupokea. Bonyeza C kuufuta."

"Diski mbili," Gasto akarudia. "Mpangilio wa kigeni. F kuupokea. C kuufuta."

Hapo ndipo nilipoogopa. Zile diski zilikuwa zimetengwa na wenzao, na sasa wenzao hawakuzitambua. Kama moja ilitoka kundini mapema kuliko nyingine, kuzipokea pamoja ni kuchanganya habari za siku mbili tofauti, na kinachotoka hapo ni uji. Ningependa kuzinakili kwanza, lakini hatukuwa na mashine nyingine ambayo diski za aina ile zingeingia. Tukarudi kwenye logi, yale maandishi ya nyuma, tukasomeana tena: zote mbili zilianguka kwa pumzi moja. Hiyo ndiyo hakika pekee tuliyokuwa nayo.

"Bonyeza wewe, mama," Gasto akasema.

"Aliyekaa kwenye mashine ndiye anayebonyeza."

"Mama Seva, nakuomba. Mimi nimeshaiharibu mara moja."

Nilijua nikibonyeza mimi, yule kijana hatagusa mashine tena bila kutetemeka maisha yake yote, na nisingempata mwingine kama yeye, maana wengine wote hawakupenda vumbi. Lakini nyuma yetu alikuwepo mtu ambaye haki ya kuamua ilikuwa yake. Nikamgeukia, nikamweleza yote, pamoja na kosa la Gasto.

Bi Hidaya akasikiliza. "Hiyo F maana yake nini?"

"Ni kuwakaribisha tena ndani."

Akamtazama Gasto. "Wakaribishe, mwanangu."

"Herufi F," nikasema.

"Herufi F," akasema, akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao sitaukadiria. Kisha: hifadhi imepatikana, nzima. Gasto akaweka paji la uso juu ya kabati la chuma akakaa hivyo. Nilimwambia asilale, tuna kazi, na kabla ya jambo lingine lolote tulinakili sauti zote, kisha tukanakili nakala. Mpango wa robo mwaka tuliuacha huko huko robo mwaka. Simulizi chache zilikuwa zimeumia mwishoni, sekunde hapa na pale. Vilima vilikuwepo.

Alasiri ya siku iliyofuata Bi Hidaya alinifuata nyumbani. "Njoo usikie ulichokitoa," akasema. Nikajifunga kanga nikamfuata.

Bibi alikuwa pale pale uani, uso umeelekea ukutani. Bi Hidaya akageuza kiti taratibu, akaweka simu mapajani mwa mama yake, akabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mwenye nguvu, mwenye haraka, anayejua anasikilizwa. Kirangi sikijui. Nilisikia jogoo nyuma yake, na kicheko cha msichana, na nikamwona Bi Hidaya akikitambua kicheko chake mwenyewe.

"Anaeleza nini?" nikamnong'oneza.

"Harusi yake. Anasema siku ya kupelekwa kwa mume mashoga zake wote walilia, yeye hakulia hata chozi. Anasema alitembea mbele yao kama anakwenda sokoni."

Sauti ikaendelea, ikajisifu. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kuielekea simu. Midomo yake haikuifuatisha. Ilikuwa imekazwa, na mkunjo ukaingia kati ya nyusi zake, na kile kidole cha mkono wa kushoto kikanyanyuka. Nilidhani anataka kuisukuma simu kama siku ile. Bi Hidaya naye alidhani hivyo, akanyoosha mkono kuizima.

Bibi akasema neno.

Lilikuwa fupi, limechubuka, lakini lilikuwa neno. Bi Hidaya akabaki na mkono hewani. Ndani ya simu yule mwanamke alikuwa bado anasimulia, hana habari.

"Amesemaje?" nikauliza.

Bi Hidaya alitaka kunijibu, akashindwa, machozi yakamwahi. Bibi akamtazama binti yake kwa kuchoka kidogo, kisha akanigeukia mimi, mgeni nisiyejua lugha ya mle ndani. Akakielekeza kidole kwenye simu. Nilimwona akitafuta, akipekua mbali, na hatukumsaidia. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, ili na mimi nisipitwe.

"Mwongo," akasema. "Mwongo huyo."